Shemeji anataka duka lake liwe kwa jina langu, nisaini?

Shikamoo mama. Naomba usitaje jina langu, niite tu Dada wa Mabatini. Nina miaka 27, nafanya kazi kiwanda cha samaki hapa Mwanza, zamu ya usiku, kwahiyo nakuandikia alfajiri na usingizi umenikataa kabisa wiki ya pili sasa.

Shemeji yangu ni Mkenya wa Kisumu. Kamuoa dada yangu mkubwa miaka 9 iliyopita, wana watoto wawili. Wana duka Makoroboi la vyombo vya plastiki, ndoo, mabeseni, madumu, viti, wanauza jumla na rejareja, mzigo mwingi unatoka viwanda vya Kenya unaingilia Sirari. Leseni ipo kwa jina la shemeji, kibali cha kuishi anacho, kodi analipa, hajawahi kujificha kwa mtu. Dada ndo anakaa dukani kila siku, anajua bei zote na wateja wote, wale wa Sengerema na Ukerewe wakija wanamuulizia yeye.

Sasa mwaka jana tu wa 2025 mwezi wa saba si ikatoka ile amri ya wasio raia kutofanya biashara 15. Shemeji alisema haitatugusa. Leseni yake inaisha mwezi ujao, akaenda kuulizia akajibiwa hapana haitahuishwa. Jumapili akanifuata nyumbani kwangu peke yake na karatasi kaichapa vizuri. Inasema leseni, TIN (namba ya mlipakodi) na mkataba wa pango vitakuwa kwa jina langu, ila "duka na mali zote zilizomo ni mali yake peke yake", mimi ni msimamizi, nitalipwa laki tatu kila mwezi. Yeye ameshasaini, mashahidi ni marafiki zake wawili. Akaniambia nisimwambie dada kwanza maana dada ana mdomo na wasiwasi mwingi, halafu akiandikishwa yeye ndugu zetu wataanza kusema duka ni la kwao.

Mama, huyu mtu amenisomesha. Kidato cha tano na cha sita, na diploma yangu, yote ni yeye. Mama yetu alipolazwa Bugando wiki tatu ni yeye aliyekuwa analipa. Nikikataa nitaonekana sina shukrani, nikisaini naogopa. Shoga yangu kazini anasema ile sheria ni ya Wachina wa Kariakoo, watu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki haiwahusu. Mjomba yeye ndo kanichanganya zaidi, anasema saini fasta, siku mkikosana duka unalichukua, atakushtaki wapi wakati karatasi zote zina jina lako.

Na kuna kitu kingine sijui kama ni shida. Pale dukani kuna kaunta ya uwakala wa pesa za simu, laini mbili, zote zimesajiliwa kwa jina langu tangu 2022. Mwanzo nilikuwa nakaa mimi, nilipopata kazi kiwandani akawekwa kijana mwingine, mtaji ni wa shemeji na faida anachukua shemeji. Mimi sipati kitu na sijawahi kudai.

Nifanyeje mama yangu?

Dada wa Mabatini, Mwanza

---

Marahaba mwanangu. Pole sana kwa usingizi. Nimeisoma barua yako mara tatu, usisaini hiyo karatasi. Ya leseni tutayafikia, ila naanza na jambo uliloliandika mwisho kana kwamba ni dogo, maana ndilo lililonishtua zaidi.

Zile laini. We unaniuliza kama uingie kwenye hii hatari, kumbe mguu mmoja upo ndani tangu zamani. Laini zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA na alama za vidole vyako, mtaji ni wa mtu asiye raia, faida ni yake, na kutuma na kupokea pesa kwa simu ni biashara mojawapo kwenye orodha ile ya 15. Tena hata amri isingekuwepo, kijana usiyemsimamia anapitisha pesa za watu kwa jina lako kutwa nzima. Siku ikipita pale hela ya wizi au ya utapeli, polisi wataanza na jina lililosajiliwa, hawatamuuliza kwanza mwenye mtaji. Kwahiyo hilo halisubiri leseni ya mwezi ujao. Nenda na shemeji mkapige hesabu ya salio la laini zote mbili, mrudishie mtaji wake mpaka senti ya mwisho na msainiane kwamba amepokea, halafu laini uzifunge au uzichukue ziwe biashara yako kweli, kwa mtaji wako, ukae nazo wewe au mtu uliyemweka wewe. Kwa zamu zako za usiku naona uzifunge.

Haya sasa amri yenyewe, maana shoga yako amekuelekeza vibaya bila kukusudia. Ilitolewa na waziri wa viwanda na biashara wa wakati huo, Selemani Jafo, tarehe 28 Julai 2025, chini ya sheria ile ile ya leseni za biashara ya siku nyingi. Ni kweli kilio kilianzia Kariakoo, wafanyabiashara wetu walilalamika miezi na miezi kwamba wageni waliokuja kama wawekezaji wanauza rejareja mpaka soksi na vijiko, na mimi kilio kile nakielewa, nimekaa sokoni miaka mingi najua mtu mwenye kontena akishuka kuuza moja moja mwenye meza anakufa njaa. Ila maandishi ya amri hayakuandika Mchina, yameandika asiye raia. Mluo wa Kisumu, Mganda wa Masaka, Mrundi, wote si raia wa Tanzania hata kama wameoa kwetu na wanaongea Kiswahili kutushinda. Na biashara ya kwanza kabisa kwenye orodha ni jumla na rejareja, ukiacha supamaketi na vituo maalumu vya jumla vya wazalishaji wa ndani. Duka la ndoo Makoroboi si supamaketi.

Hoja ya Jumuiya si ya kijinga lakini, nisikudanganye. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010 na ndani yake mna haki ya raia wa nchi mwanachama kwenda kuanzisha biashara nchi nyingine, na serikali ya Kenya ilipoiona amri hii ililalamika wazi. Mimi mwenyewe naumia, sisi wa huku ziwani tumeoana na kuuziana samaki na watu wa Kisumu na Homa Bay kabla hata hiyo mipaka haijachorwa. Lakini mabishano ya serikali na serikali hayamlindi mtu mmoja mwenye duka siku ofisa wa biashara akiingia na kitabu chake. Hata mtu binafsi akitaka kwenda Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha, mkataba unampa miezi miwili tu tangu jambo litokee, hiyo imeshapita. Halmashauri wanafuata amri, na amri inawakataza kutoa au kuhuisha leseni. Aliyekuwa nayo aliruhusiwa kuendelea mpaka muda wake uishe, ndo maana shemeji yako amefika hadi leo bila kuguswa.

Sasa angalia adhabu, maana nadhani hata shemeji hajakaa nazo vizuri. Asiye raia akikutwa ni faini isiyopungua milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi 6, na visa na kibali cha kuishi vinafutwa. Raia anayemsaidia ni faini milioni 5 au kifungo cha miezi 3. Huyo raia ni wewe, mwanangu. Kwa laki tatu kwa mwezi ungefanya kazi karibu miezi 17 bila kula ndipo ufikishe hiyo faini, na yeye angefutiwa kibali atoke nchini aache watoto wawili Mwanza. Ukimwambia hapana unamkinga na hilo, sioni hapo mahali pa kuitwa huna shukrani.

Hiyo karatasi yake imeniuma kwa sababu imeandikwa kwa akili lakini haina kazi inayodhaniwa. Sheria yetu ya mikataba inasema makubaliano yenye lengo lililokatazwa na sheria ni batili. Yaani mkigombana, yeye hawezi kuipeleka mahakamani aseme duka ni langu huyu alikuwa msimamizi tu, na wewe huwezi kuipeleka kudai mshahara wako. Wakati huo huo ni ushahidi mzuri mno dhidi yenu wote wawili, imesema kwa maandishi na mashahidi wawili kile kile amri inachokikataza. Ikikutwa kwenye droo hakuna haja ya upelelezi.

Na TIN. Watu wanaisahau sana hii. TRA hawajui shemeji, wanajua TIN. Mashine ya risiti ikiwa ya jina lako, mauzo yote ni yako, makadirio ni yako, mauzo yakivuka milioni 200 kwa mwaka unatakiwa usajiliwe VAT na ritani ni zako, deni likibaki ni lako hata kama hujawahi kushika hata ndoo moja. Pango vilevile, mwenye nyumba atakudai wewe. Mimi niliwahi kumpa ndugu yangu jina langu kwa mkopo wa injini ya mtumbwi kwenye taasisi moja ya fedha, alikuwa mtu mwema kweli, hakunidhulumu, ni ziwa lilimdhulumu, mtumbwi ukapotea upande wa Kome na deni likabaki kwangu miaka minne. Nililipa huku nauza dagaa pale Mwaloni Kirumba na mtoto mgongoni. Kwahiyo usinisikie kama namsema vibaya shemeji yako. Wema wake hauzuii kufilisika, kuugua wala kufa, na jina lako litabaki pale pale kwenye makaratasi.

Mjomba sitamzungumzia sana. Alichokushauri ni wizi, na ni wizi wa kumuibia dada yako na watoto wake, maana duka hilo ndo wanalokula. Usirudie kuyasikiliza.

Sasa dada. Hapa ndo moyo wangu ulipo na nakuomba usome taratibu. Dada yako ni raia, ana NIDA, anakaa dukani kila siku, anajua bei zote, wateja wa Ukerewe wanamuulizia yeye. Mtu wa kwanza ambaye angeandikishwa leseni hii kihalali bila kificho alikuwa yeye. Badala yake unafuatwa wewe, ambaye usiku kucha upo kiwandani, na unaambiwa usimwambie. Sababu uliyopewa ni kwamba ndugu zenu watasema duka ni la kwao. Mimi nasoma lile neno "peke yake" kwenye karatasi. Sheria ya ndoa ya mwaka 1971 inaipa mahakama nguvu ya kugawa mali iliyochumwa kwa jitihada za pamoja ndoa inapovunjika, na mke anayekaa kaunta kila siku ana jitihada hapo, tena nyingi. Duka likihamia kwa jina lako na karatasi ya siri inasema ni la shemeji peke yake, dada yako siku akihitaji haki yake atakuta duka la mumewe limeyeyuka na jina lililopo ni la mdogo wake wa kuzaliwa naye. Sisemi shemeji amepanga hivyo. Inawezekana kabisa ameogopa tu ndugu, wanaume wengi wanaooa ugenini wana hofu hiyo na wakati mwingine ndugu wenyewe ndo wameipanda, mjomba wako akiwa mfano. Ila matokeo ni yale yale awe amepanga au hajapanga, kwahiyo hutasaini na hutaweka siri. Dada lazima ajue.

Usimwambie kwa simu na usimwambie kama mbea. Mwambie shemeji kwanza, kwa heshima, kwamba shem mimi nimesoma hili jambo, linaweza kukufukuzisha nchini, na mimi siwezi kumficha dada, naomba tukae watatu wikiendi hii. Mpe yeye nafasi ya kulisema mbele ya mkewe. Akikataa utalisema wewe.

Mkikaa mkaongee njia ambazo zipo, maana zipo. Ile ninayoiona ina nguvu ni dada awe mmiliki kweli kweli. Nasema kweli kweli kwa sababu dada akiwa jina tu wakati funguo, akaunti ya benki na maamuzi yote ni ya shemeji, mmerudi kule kule kwenye kosa. Awe na TIN yake, leseni aombe yeye kupitia ule mfumo wa Tausi wa halmashauri, mkataba wa pango uandikwe upya na mwenye nyumba, akaunti aifungue yeye, mashine ya risiti iwe yake, na mzigo uliopo sasa uhesabiwe siku moja mkiwa wote, uandikwe, halafu uhamishwe kwake kwa hati iliyoandikwa na wakili, sio na kijana wa stesheneri. Wafanye kabla leseni ya sasa haijaisha, msisubiri wiki ya mwisho.

Na shemeji asikae bure. Amri inamkataza kuuza jumla na rejareja hapa ndani, haimkatazi kuwa Mkenya anayeuza mzigo kutoka Kenya. Yeye anawajua wenye viwanda, anazijua bei za kule, anaweza kusajili biashara yake Kisumu na kumuuzia mkewe kama anavyomuuzia mteja mwingine yeyote, kwa ankara na malipo ya benki. Bidhaa iliyotengenezwa Kenya ikiwa na cheti cha asili cha Jumuiya haitozwi ushuru wa forodha, ingawa VAT itabaki, na kwa mzigo mdogo usiozidi dola 2,000 kuna cheti kilichorahisishwa kinapatikana pale pale mpakani. Waangalie tu kwamba na kazi ya wakala wa forodha imo kwenye zile 15, kwahiyo wa kuwatolea mzigo Sirari upande wetu awe Mtanzania. Hii ina maana shemeji atakuwa safarini zaidi ya alivyozoea, Kisumu na Mwanza basi la usiku, sio raha kwa baba wa watoto wadogo, ila anarudi nyumbani akiwa na kibali na heshima yake.

Kuhusu kibali, aende Uhamiaji mwenyewe kabla hajaitwa. Kama alichonacho ni daraja A, hicho ni cha mtu mwenye biashara yake, na biashara ikihama kwa mke lazima aulize abadilishe kwenda kipi. Akitaka kuajiriwa dukani kwa mkewe hilo nalo linahitaji kibali cha kazi, asifikirie kwamba ndoa inatosha.

Uraia pia upo mezani, wazungumze wenyewe wawili. Sheria yetu ya uraia ya 1995 imemwekea mlango wake mwanamke wa nje aliyeolewa na Mtanzania, mwanaume aliyeoa Mtanzania haikumwekea, na mimi kwa hilo naona dada zetu wameonewa na nitalisema kila nikipata nafasi. Anabaki na tajnisi ya kawaida, yaani kuomba uraia kama mgeni mwingine yeyote, awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba na ndani ya miaka 10 ya nyuma yake jumla ya miaka isiyopungua 7. Kwa miaka yake 9 huenda anafika. Ila Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, itabidi auache wa Kenya, na ni safari ndefu, haitaiokoa leseni ya mwezi ujao.

Mtu atakuja na wazo la kufungua kampuni mfiche humo. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2020 kampuni inatakiwa kumtaja kwa BRELA, wale wasajili wa kampuni, mmiliki manufaa, yaani mtu halisi anayefaidika nyuma ya majina, kwahiyo ni kujificha nyuma ya pazia la kioo.

Ada zako za shule unadaiwa, nakubali, na kuna namna ya kuzilipa. Una diploma. Siku zako za mapumziko kamsaidie dada kuandika daftari la mzigo, kumjazia maombi Tausi, kumsindikiza TRA, watu wengi wanakwama hapo na wanatapeliwa na vishoka nje ya ofisi. Mwambie na shemeji hivyo hivyo, kwamba jina langu hapana, mikono yangu ndiyo.

Karatasi aliyokuachia usiichane na usiipige picha ukamtumia mtu. Mrudishie mkononi, haina sahihi yako, aichome mwenyewe. Halafu ukitoka zamu Jumatatu usilale kwanza, pitia Makoroboi ukahesabu salio la zile laini.